Polda Inaanzia Mwisho wa Metro

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili, Amsterdam Zuidoost

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, na ninyi mliotoka Rotterdam, Den Haag na Utrecht kuja kukaa nasi leo, karibuni sana.

Nimeombwa niongee kuhusu matembezi ya mashambani. Naomba nianzie kwenye kodi, kwa sababu ndiyo itakayotufikisha huko.

Kila mwanzo wa mwaka inaingia barua ya waterschap, yaani halmashauri ya maji. Siyo bili ya maji ya bomba. Hiyo inakuja kivyake. Mpangaji anatozwa sehemu mbili: moja ya kusafisha maji machafu yanayotoka nyumbani kwake, nyingine ya kulinda eneo analoishi lisifunikwe na maji. Wengi tunalipa kwa mafungu, barua tunaitupa. Na mwenye kipato kidogo, tafadhali aombe kusamehewe. Halmashauri nyingi zinaruhusu, asione aibu. Ninachouliza ni hiki: ni wangapi kati yetu wamewahi kwenda kuiona kazi inayofanywa kwa hela hiyo?

Kama robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari. Hata hapa tulipokaa, Bijlmermeer, palikuwa ziwa kabla watu hawajalikausha katika karne ya 17. Mtu aliyekuja kwa ndege kutoka Nairobi au Kilimanjaro akashukia Schiphol, mguu wake wa kwanza Uholanzi aliuweka kwenye sakafu ya ziwa jingine, Haarlemmermeer, lililokaushwa kwa pampu za mvuke kati ya 1849 na 1852. Wengine wetu tumeishi hapa miaka ishirini, na njia tunazozijua ni ya kazini, ya dukani, ya shule ya watoto na ya ibada. Tumeilipia ardhi hii kila mwaka. Twendeni tukaione. Na tukaione kwa miguu, kwa sababu kwenye gari barabara kuu inakupitisha juu juu na huoni kitu.

Najua kuna neno linalosemwa kwetu: mtembezi hula miguu yake. Mtu mzima akionekana anatembea bila mzigo, bila mgonjwa wa kumtazama, bila msiba wa kuhudhuria, watu wanamwona mzururaji. Naliheshimu neno hilo. Limetoka kwa watu ambao miguu yao ilikuwa na kazi tayari: kuteka maji, kwenda shambani, kwenda shule kilomita nane asubuhi na nane jioni. Hapa miguu yetu imekosa kazi. Tunakaa kwenye ofisi, kwenye usukani, au tunasimama kwa saa nane ghalani mahali pamoja. Tukija kupimwa presha, daktari anasema tutembee, nasi tunamjibu kuwa hatujui pa kutembea. Leo nataka jibu hilo liishe.

Polda ni kitu gani? Ni eneo la ardhi lililozungushiwa tuta, ambalo maji yake ya ndani yanaamuliwa na watu. Ichukulieni kama bakuli tupu lililokaa ndani ya beseni la maji. Mvua inanyesha ndani ya bakuli, maji ya chini ya ardhi yanapenya kutoka pembeni, na hayana pa kwenda yenyewe. Maji hufuata mkondo, na hapa mkondo ni lazima utengenezwe. Mitaro midogo ya mashambani inamwaga kwenye mitaro mikubwa, mitaro mikubwa inafika kwenye kituo cha pampu, na pampu inayainua maji hadi kwenye mfereji ulio juu ya tuta, ambao unayapeleka mtoni au baharini. Zamani aliyeinua ni kinu cha upepo. Baadaye ukaja mvuke, baadaye dizeli, na sasa umeme. Usiku na mchana, pampu inajiwasha maji yakipita kipimo.

Sasa twende. Nitaanza na matembezi ya jirani kabisa.

Metro namba 54 inaishia Gein. Wengi wenu mnashuka pale kila jioni mkirudi nyumbani. Siku moja ya mapumziko shukeni pale, msielekee nyumbani. Shikeni njia ya kusini. Chini ya saa moja kwa mwendo wa kawaida mko Abcoude, kijiji chenye maduka, mkahawa na kituo chake cha treni. Anayetaka kuanzia Abcoude moja kwa moja apande treni ya kusimama kila kituo kati ya Amsterdam na Utrecht.

Kutoka Abcoude unafuata mto Gein. Ni mto mdogo, unapinda kila mara, na kila ukingo una barabara nyembamba. Mchoraji Piet Mondrian, ambaye dunia inamjua kwa michoro ya miraba myekundu, ya manjano na ya buluu, alikuja hapa mara nyingi katika ujana wake akichora miti, nyumba za wakulima na kinu cha Oostzijdse kikijionyesha majini. Kinu hicho bado kipo. Ukifika hapo asubuhi tulivu unaelewa kwa nini alikuwa anarudi.

Lakini kitu cha kutazama Gein siyo kinu peke yake. Simama barabarani, angalia mto, kisha geuka uangalie shamba. Maji ya mto yako juu kuliko shamba. Ng'ombe wanakula majani chini ya usawa wa maji yanayopita pembeni yako. Mara ya kwanza akili inakataa, kwa sababu kwetu mto ndio unaokaa bondeni. Sababu iko kwenye udongo. Ardhi ya huku ni mabaki ya mimea iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza. Wakulima wa kale walipochimba mitaro ili walime, maji yakatoka, hewa ikaingia, na udongo ukaanza kuoza na kushuka. Ukishuka, shamba linalowa tena. Ukilikausha tena, linashuka zaidi. Kwenye mashamba ya aina hii, hapa na katika eneo kubwa la kijani kati ya miji ya Utrecht, Gouda na Leiden, kushuka kwa karibu sentimita moja kwa mwaka ni jambo la kawaida. Udongo ukioza unatoa pia hewa ya ukaa.

Hapo ndipo kodi yetu inapokuwa siasa. Mkulima anataka maji yakae chini ili ng'ombe na trekta visizame. Anayejali tabianchi, na mwenye nyumba ambayo msingi wake unaanza kupasuka, wanataka maji yapandishwe. Ndege wa mbugani nao wanataka udongo laini wa kuingizia midomo. Anayeamua ni halmashauri ya maji, na bodi yake inapigiwa kura kila miaka minne, siku moja na uchaguzi wa mikoa. Uchaguzi uliopita ulikuwa Machi 2023. Sikilizeni hili vizuri: katika uchaguzi wa halmashauri ya maji huhitaji kuwa raia wa Uholanzi. Ukiwa na umri wa miaka 18, unaishi katika eneo hilo na una kibali halali cha kukaa, unapiga kura. Kuna watu humu ndani hawajawahi kupiga kura popote tangu waondoke Bukavu au Bujumbura. Kura hii ni yenu. Na mtu aliyetembea Gein akaona maji yalivyo juu ya shamba atajua anapigia nini.

Ukiendelea na mto unafika Driemond, unavuka daraja la mfereji mkubwa wa Amsterdam-Rijn wenye meli za mizigo, na unaingia Weesp, mji mdogo wa zamani wenye kituo cha treni. Safari nzima kutoka Abcoude ni kama kilomita 10. Hakuna kilima hata kimoja. Mzee mwenye goti bovu anaweza, mradi apewe muda.

Kabla hujaondoka Abcoude, tazama ngome iliyo karibu na kituo. Ilijengwa kati ya 1884 na 1887, ya kwanza katika mnyororo wa ngome unaozunguka Amsterdam kwa kilomita 135. Mpango wake ulikuwa huu: adui akija, mashamba yanafunguliwa maji hadi magotini. Kina hicho ni kirefu mno kwa askari, farasi na mizinga, tena ni kifupi mno kwa mashua. Watu waliotumia karne nyingi kuyatoa maji walijua pia jinsi ya kuyaita.

Matembezi ya pili ni Beemster, kaskazini ya Amsterdam. Panda treni hadi Purmerend. Mji huo unapakana na polda yenyewe, kwa hiyo unafika kwenye tuta kwa miguu. Ama panda basi hadi Middenbeemster uanzie katikati. Beemster ilikuwa ziwa kubwa. Wafanyabiashara wa Amsterdam, akiwemo Dirck van Oss, mmoja wa wakurugenzi wa kwanza wa kampuni ya biashara ya Mashariki, VOC, walitoa fedha. Walichimba mfereji wa kulizunguka ziwa, wakajenga tuta, wakasimika vinu zaidi ya 40, na miongoni mwa mafundi wa vinu alikuwemo Jan Adriaanszoon Leeghwater. Mwaka 1610, kazi ikikaribia kuisha, dhoruba ilivunja tuta la bahari na ziwa likajaa tena. Wakaanza upya, tuta likainuliwa, na mwaka 1612 sakafu ya ziwa ikawa kavu. Ziko hekta zaidi ya 7,000, na ziko kama mita tatu na nusu chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1999 UNESCO iliiweka Beemster katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akisikia VOC anajua kuwa fedha ile ilitoka kwenye biashara ya bahari ileile ya Hindi tunayoijua sisi, na kwamba haikuwa biashara ya upole kwa watu wa visiwa vya Asia. Nalisema makusudi. Uzuri wa Beemster ni wa kweli, na asili ya mtaji wake ni ya kweli. Vyote viwili nawaambia watoto wangu tukiwa juu ya tuta.

Kwenye Beemster mistari imenyooka. Barabara na mitaro vimekatwa kwa miraba, na nyumba za wakulima zina mapaa makubwa yaliyochongoka hadi kileleni, yakifunika watu, ng'ombe na majani makavu pamoja. Ukitembea ndani ya polda kwa saa moja unaweza kuchoka na unyoofu huo. Mimi nawashauri mtembee juu ya tuta la duara. Mkono mmoja una mfereji umejaa, mkono mwingine una ardhi imelala chini kabisa, na katikati uko wewe. Hakuna maelezo ya darasani yanayoshinda hapo.

Kwa wa Rotterdam, najua wageni wenu wote mnawapeleka Kinderdijk. Ni pazuri, vinu 19, vingi vyake vya karne ya 18, vimesimama pamoja, na kwenda kwa boti ya abiria kutoka mjini ni raha yake. Lakini watalii ni wengi, basi nendeni mapema. Ninachowaomba ni kushuka siku moja mahali ambapo watalii hawashuki: kituo cha Nieuwerkerk aan den IJssel, kati ya Rotterdam na Gouda.

Karibu na hapo ndipo penye sehemu ya chini kuliko zote Uholanzi, kama mita 6.7 chini ya usawa wa bahari. Na ukivuka mji hadi kwenye tuta la mto Hollandse IJssel utafika mahali ambapo nchi hii iliponea chupuchupu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta ya Zeeland na visiwa vya kusini, na watu 1,836 walikufa. Usiku huohuo, tuta la hapa Nieuwerkerk nalo likaanza kukatika. Nyuma yake kuna ardhi ya chini ya Zuid-Holland yenye mamilioni ya watu, polda moja baada ya nyingine. Meya aliamuru meli itumike kuziba. Nahodha Arie Evegroen akaichukua meli yake ya mizigo, de Twee Gebroeders, akaielekeza kwenye ufa, na maji yenyewe yakaisukuma ikakaa ubavu kwenye tuta kama mlango. Watu wakajaza mifuko ya mchanga. Tuta likashika. Leo kuna sanamu ya tukio hilo palepale. Wapelekeni vijana. Wanaambiwa kila siku kwamba dunia inabadilishwa na watu wakubwa. Pale wataona kazi ya nahodha wa meli ndogo na ya majirani waliobeba mchanga.

Wenye watoto wadogo, nendeni Almere Oostvaarders. Kutoka kituoni mnatembea hadi kituo cha wageni kilichoko ukingoni mwa hifadhi ya Oostvaardersplassen. Polda ile ilikauka mwaka 1968 tu, na sehemu hii ilipangiwa viwanda, lakini ikabaki na maji, ndege wakaja wenyewe. Kuna farasi wa porini, makundi ya kulungu, bata bukini kwa maelfu, na tai mkubwa wa bahari mwenye mkia mweupe ambaye alianza kuzaa tena Uholanzi hapo mwaka 2006. Chukueni darubini ya mkono kama mnayo.

Na kote mtakakokwenda kuanzia Aprili mtawaona mbayuwayu wakipita chini chini juu ya mitaro. Hao wametoka Afrika. Mtaona pia ndege mwenye miguu mirefu, mdomo mrefu na kifua cha rangi ya matofali, anayelia jina lake mwenyewe: grutto. Waholanzi walimchagua kuwa ndege wao wa taifa mwaka 2015. Wengi wao wanakaa msimu wa baridi kwenye mashamba ya mpunga ya Senegal na Guinea-Bissau, kisha wanarudi kutaga kwenye mbuga hizi. Kwa ajili yao, vijia vinavyokatiza mashamba mara nyingi hufungwa kuanzia katikati ya Machi hadi Juni. Ukikuta kibao kimefunga, zunguka kwa barabara.

Mambo ya vitendo sasa. Ratiba tazameni kwenye 9292, huduma ya ratiba ya mtandaoni, itawapa treni, basi na metro pamoja. Kadi ya benki inatosha kugonga mlangoni, kila mtu na kadi yake, na msisahau kugonga mkitoka. Mwenye usajili wa NS, shirika la reli, wa kupunguziwa nje ya saa za msongamano anapunguziwa asilimia 40, na wikendi yote imo. Mabasi ya vijijini ni shida zaidi: mengine yanaendeshwa na watu wa kujitolea na hayatembei Jumamosi wala Jumapili. Kwa hiyo mimi napenda matembezi ya kutoka kituo kimoja cha treni hadi kingine. NS wanayo mengi yaliyopangwa tayari, bure. Yana faida nyingine: unachagua pa kuanzia kulingana na upepo. Kwenye polda hakuna mti wa kukukinga. Upepo wa huku hupenda kutoka kusini magharibi, na kutembea nao ukiwa mgongoni au usoni ni siku mbili tofauti kabisa.

Njia zina alama kwenye nguzo na miti: mstari mweupe na mwekundu ni njia ndefu za kitaifa, wa manjano na mwekundu ni za mikoa. Kwingine kuna namba za makutano. Unaziandika kwenye karatasi na kuzifuata moja moja. Kibao kinachosema "Verboden toegang" maana yake usiingie, na kina sheria nyuma yake. Kinachosema "opengesteld" maana yake pita, hata kama ni kwenye ua wa mkulima. Vaeni viatu vya matope. Ukirudi nyumbani jikague kupe, hasa nyuma ya magoti, na watoto uwakague nywele. Msalani nendeni kabla ya kutoka mjini au kwenye mkahawa, maana njiani hakuna.

Mama mmoja aliniuliza kabla ya mkutano: tukienda watu weusi kumi kijijini, tutatazamwaje? Ni swali la haki. Mtatazamwa, ndiyo, kama mgeni yeyote anavyotazamwa kijijini, hata kwetu. Huku watembeaji husalimiana. Anzeni ninyi: goedemorgen, goedemiddag. Kwa uzoefu wangu, salamu inajibiwa, na mara nyingi inafuata hadithi ya maji ya mwaka fulani. Akitokea asiyejibu, njia ni ya umma na mmeilipia.

Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Gein pamoja. Tukutane kituo cha treni Abcoude saa nne asubuhi. Wa Utrecht na wa Amsterdam treni zinawafikisha bila kubadilisha. Kila mtu aje na chakula chake. Chai ya tangawizi nitabeba mimi. Atakayechoka tutamrudisha Abcoude mapema, hakuna atakayeachwa njiani peke yake. Mvua ya kawaida haituzuii. Wakitangaza upepo mkali tunaahirisha, na ujumbe mtaupata kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa mbili. Mwenye swali la njia au la haki ya kupiga kura aje hapa mbele, nipo hadi saa kumi na moja.